Dkt. Venant na Wabelgiji Wake: Miaka Ishirini na Minne ya Mwalimu Aliyejibu Kwanza

Ijumaa hii, tarehe 27 Juni 2025, Dkt. Venant Birhashwirwa, Mhadhiri Mwandamizi wa Sosholojia katika chuo kikuu hapa Kensington, Sydney, anastaafu baada ya kufundisha kwa miaka ishirini na minne. Idara yake itamuaga asubuhi kwa chai, keki na hotuba ya Kiingereza ya aya mbili. Sisi wa Umoja wa Wafanyakazi Wanaosema Kiswahili tumezisoma aya hizo. Hatuna ugomvi nazo, ila tumeona zimemvisha mtu mrefu suruali fupi. Ndiyo maana ratiba hii ya sherehe ya Jumamosi, katika ukumbi wa Toongabbie, magharibi mwa jiji, imebeba wasifu wake kwa lugha anayoitumia mwenyewe akicheka na akikasirika.

Kazi ya kuuandika nimepewa mimi, Apondi, wa ofisi ya ratiba za vipindi. Sikuchaguliwa kwa ufundi wa kalamu. Ukuta wa ofisi yangu na wa kwake ni mmoja, tena mwembamba, na kwa miaka mingi nimeisikia mihadhara yake ikifanyiwa mazoezi kabla wanafunzi hawajaisikia. Naweza kusema bila kujisifu kwamba hakuna Mjaluo wa Sydney anayenishinda kwa historia ya sosholojia ya Ubelgiji.

Venant alizaliwa Walungu, si mbali na Bukavu, mashariki mwa Kongo, mwaka 1958. Alisomeshwa na mapadri, akapata nafasi ya masomo Ubelgiji, akarudi Bukavu na shahada ya uzamivu na makoti mawili mazito ambayo hakuwahi kupata pa kuyavalia. Vita vya 1996 vilimkuta darasani. Yeye na mkewe, Aline, walivuka mipaka hadi Nairobi, na huko Aline aliugua akafariki kabla visa haijatoka. Mwaka 1999 Venant alitua Sydney peke yake. Hakuoa tena, na hawakuwa wamejaliwa mtoto. Nayaandika haya kwa ufupi kwa sababu na yeye huyasema kwa ufupi.

Kazi yake ya kwanza hapa ilikuwa ghalani, kupanga maboksi ya viatu. Anasema alijifunza Kiingereza cha Australia kwa dereva wa forklifti, ile gari ya kuinulia mizigo, na ndiyo maana hata leo, projekta ikigoma, humtoka neno ambalo halifundishwi katika shule yoyote. Mwaka 2001 idara ilimwajiri kwa malipo ya saa, mwaka 2004 akapata kazi ya kudumu, na tangu hapo hajawahi kuchelewa kipindi hata kimoja. Sisi wa ratiba tunaijua thamani ya mtu wa namna hiyo, maana wapo maprofesa ambao tumewahi kuwatafuta kwa simu wakiwa ufukweni.

Kozi aliyoianzisha inaitwa Historia ya Sosholojia: Mfano wa Ubelgiji. Wanafunzi huiita tu "ile ya Wabelgiji". Kila mwaka wiki ya kwanza mtu humuuliza kwa nini Ubelgiji, wakati Ufaransa na Ujerumani zipo na ndizo zinazojaza vitabu. Jibu lake halijabadilika. Nchi kubwa, anasema, huficha makosa yao ndani ya ukubwa wao, lakini katika nchi ndogo unaona wazi elimu ilivyojengwa, nani alilipia matofali na nani alimpiga nani kumbo. Halafu huongeza kwamba Wabelgiji waliwauliza maswali wazee wake kwa miaka mingi, naye ameona ni adabu kuwauliza na wao.

Simulizi lenyewe huanzia Brussels, miaka ya 1830, nchi ikiwa bado changa. Mtaalamu mmoja wa nyota, akisubiri jengo lake la kutazamia anga likamilike, aligeuza hesabu zake kutoka mbinguni akazileta kwa watu. Akahesabu vizazi, vifo, ndoa, vimo na makosa ya jinai, akashangaa kuona hesabu za mwaka mmoja zinakaribiana na za mwaka mwingine, utadhani wezi wa nchi nzima wamegawiwa zamu. Kutokana na hesabu hizo akamuunda mtu asiyekuwepo popote: mtu wa wastani. Elimu yake hiyo akaiita fizikia ya jamii. Mwanafalsafa mmoja wa Ufaransa, ambaye naye alikuwa analitumia jina hilohilo, aliona ameporwa, akaenda kutunga jingine, nalo ndilo sosholojia. Kwa hiyo, husema Venant, Ubelgiji haikuizaa sosholojia, ila ndiyo iliyosababisha mtoto akapewa jina.

Baadaye anaingia tajiri wa magadi. Huyu, mwanzoni mwa karne ya ishirini, alijenga taasisi ya sosholojia katika bustani moja ya Brussels, yenye maktaba na madirisha makubwa, akiamini kwamba jamii inaweza kukarabatiwa kama kiwanda. Wakatoliki wa chuo kikuu cha mji wa Leuven hawakutaka kuachwa nyuma, wakawa na sosholojia yao. Katika Ubelgiji ya siku zile kila kundi lilikuwa na shule zake, hospitali zake, chama chake cha wafanyakazi na hata bendi yake ya tarumbeta, basi kwa nini lisiwe na sosholojia yake? Mtu aliweza kuzaliwa, kuumwa, kuoa na kuzikwa bila kujuana na jirani wa kundi la pili.

Hapo, nyuma ya ukuta, sauti hubadilika. Wataalamu wa Ubelgiji walitunga orodha ndefu za maswali, wakazituma Kongo kwa maofisa na wamisionari. Majibu yakarudi, yakapangwa katika majuzuu manene, kabila moja juzuu moja, na baadhi ya waliopanga hawakuwahi kukanyaga nchi hiyo. Venant huwauliza wanafunzi: aliyeuliza alishika nini mkononi, na aliyejibu aliogopa nini? Mtu anayeulizwa idadi ya wake na mbuzi na bwana yuleyule wa kodi hatoi takwimu, anajikinga. Alilifundisha hilo kila mwaka, vizuri sana na kwa mifano. Naomba msomaji alikumbuke, maana lilimrudia mwenyewe.

Kipindi kinachopendwa zaidi ni cha mgawanyo wa Leuven. Mwishoni mwa miaka ya sitini, ugomvi wa lugha ulikipasua chuo kikuu kikongwe cha Wakatoliki. Wanaosema Kiflemi wakabaki mjini, wanaosema Kifaransa wakaenda kujengewa mji mpya kabisa katikati ya mashamba. Maktaba nayo ikagawanywa: vitabu vyenye namba witiri upande mmoja, vyenye namba shufwa upande mwingine. Sosholojia ya nchi ikawa mbili, kila moja na lugha yake, na hadi leo wasomi wa pande hizo wakitaka kusomana mara nyingi hutumia Kiingereza. Venant alisoma kwenye ule mji mpya. Anasimulia alivyokuwa akipanda treni kwenda mji wa zamani kutafuta kitabu kilichoendeleza kile alichokuwa nacho chumbani, na mkutubi wa huko akimtazama kama mtoto wa ndoa iliyovunjika aliyekuja kudai kiatu cha pili.

Ili somo liwaingie, huwapa nusu ya darasa kurasa za namba witiri za makala fulani, na nusu nyingine kurasa za namba shufwa, kisha anawaambia waieleze makala hiyo. Ofisi ya ratiba imepokea malalamiko mawili kuhusu kelele za kipindi hicho. Nimeyaweka mahali salama.

Sasa nifike mwaka 2009, ambao aya mbili za Kiingereza zimeuruka. Ofisi moja ya huduma za wahamiaji, ambayo hatuna sababu ya kuitaja, ilitaka kujua hali za familia za Wakongomani na Warundi waliokuwa wameanza kuwa wengi magharibi mwa jiji, na idara ikamkabidhi Venant utafiti huo. Nani angefaa zaidi? Alikuwa mkimbizi, alijua lugha, alijua nadharia. Akatunga dodoso safi lenye swali la kwanza kama vitabu vinavyotaka: ni watu gani walilala katika nyumba hii usiku wa jana? Akawatuma wanafunzi wawiliwawili, wenye vitambulisho shingoni na mbao za kuandikia mkononi, kugonga milango.

Majibu yalirudi matamu kama asali. Kila mtu alikuwa salama na kila mtoto alikuwa shuleni. Hakuna mume aliyekosa kazi, hakuna mke aliyekosa usingizi, na karibu wote walisema Kiingereza chao kinatosha kabisa, mkalimani wa nini? Wengi walikuwa wamezaliwa tarehe mosi Januari, siku ambayo kambini alipewa kila mtu asiyejua yake. Venant alitoa wastani, akaandika ripoti, na ripoti ikasifiwa. Hiyo ndiyo ingekuwa nguzo ya maombi yake ya kupanda cheo kuwa profesa mshiriki. Nilimsikia akipiga mluzi nyuma ya ukuta, jambo la nadra.

Kwa kuisoma ripoti hiyo, ile ofisi ikaamua kwamba mkalimani wa Kiswahili aliyekuwa akikaa kila Jumatano kwenye kliniki ya akina mama hahitajiki tena. Mkalimani huyo alikuwa Emerance, Mrundi aliyekulia kambi za Tanzania, mwanamke asiyepaza sauti. Siku ile aliipaza. Alikuja ofisini kwa Venant bila miadi, na mimi nikasikia kila neno. "Mwalimu, hao mama wote wenye wamekuambia English yao iko fine, ni mimi nawatafsiria kila Jumatano. Wakifunga hiyo service, mtu ana mimba anatoka damu, ataongea na daktari kwa mikono?"

Baadaye nilimsikia Venant akivuta droo na kuyapitia madodoso yote upya. Moja tu lilikuwa tupu. Mwanafunzi alikuwa ameandika juu yake: amekataa, lakini amenipa chai. Lilikuwa la mama mmoja wa hapahapa Toongabbie, mjane aitwaye Nsimire, ambaye wengi wenu mtamwona Jumamosi akisimamia sufuria.

Alikwenda kumwona Jumamosi iliyofuata, bila ubao na bila kitambulisho. Kilichotokea wamekisimulia wote wawili mara nyingi, kila mmoja akijipa nafasi nzuri zaidi, lakini kwenye jambo kuu wanaafikiana. Mama Nsimire alimkalisha, akamtilia chai, na kabla Venant hajafungua mdomo akamwambia, "Kwetu mgeni ndiye anasemaka kwanza. Habari za nyumba yako?" Ni desturi aliyokulia nayo Venant mwenyewe: anayebisha hodi ndiye anayetoa habari, mwenye nyumba hufuata. Naye akajibu kama mtu yeyote angejibu. Salama, tunashukuru Mungu, tunashukuru serikali, kazi ipo, usingizi upo.

Mama Nsimire akacheka mpaka akaweka kikombe chini. "Unaona? Na weye unanijibu sawa vile niko HCR."

Wasomaji ambao hawajapita kambini wanahitaji maelezo kidogo hapa: HCR ni shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa. Kambini, mtu mwenye karatasi anayeuliza nani analala wapi ndiye anayeamua nani ataondoka na nani atabaki. Huyo hajibiwi anachouliza. Hujibiwa kile kitakachomfikisha aliyeulizwa kwenye ndege ya kuondoka. Jibu hilo watu walilisema mara nyingi kwa miaka mingi hadi likawa linatoka lenyewe, na waliobisha hodi na mbao mkononi wakalipata tena, hapa, miaka baada ya ndege kutua. Venant alifundisha habari za bwana wa kodi na mbuzi kila mwaka, kisha akawavisha wanafunzi wake vitambulisho na kuwapeleka kufanya yaleyale. Kosa hilo lisingeweza kufanywa na Mwaustralia wa kawaida, ambaye angemwomba mwenyeji ushauri. Lilihitaji mtu aliyejiona yeye ndiye mwenyeji.

Siku hiyo Venant alijibu mara ya pili. Alimweleza habari za Aline, za ile hospitali ya Nairobi, na za chumba chake ambamo redio huwashwa ili pawe na sauti. Alikaa mpaka chai ya tatu. Mama Nsimire naye ndipo akatoa habari zake, na kati ya hizo akalalamikia swali la kwanza la dodoso. Mwanawe Rodrigue alifanya zamu za usiku ghalani, kwa hiyo kila mtu akiuliza nani alilala humu jana, kijana anafutika duniani. Kwake, watu wa nyumba ni wale ambao sufuria haifunuliwi mpaka wafike.

Jumatatu yake Venant aliiandikia ile ofisi kwamba hesabu za ripoti ni sahihi, ila majibu ni ya swali ambalo hakuliuliza, na kwa hiyo anaiondoa ripoti nzima. Siku hiyohiyo aliyaondoa maombi yake ya kupanda cheo, na hakuyarudisha tena. Kwa maoni ya ofisi ya ratiba, la kwanza lilikuwa ushujaa na la pili lilikuwa ukaidi. Nilimwambia hivyo wakati ule, na leo nalirudia mbele ya wageni. Nilikasirika kwa niaba yake kwa sababu yeye alikataa kukasirika.

Ile ofisi ya wahamiaji ilikubali kusubiri kabla ya kumwondoa mkalimani. Utafiti ulirudiwa kwa miezi minane, kwa kanuni moja tu mpya: anayeuliza ajibu kwanza. Kila mwanafunzi aliyeingia nyumba ya watu alitoa majibu yake mwenyewe, yote, ya kweli, kabla ya kuomba ya mwenye nyumba. Wapo waliolia kwenye makochi ya watu. Venant alizunguka nao, akabeba mifuko ya unga wa muhogo na samaki wakavu kutoka maduka ya Wavietinamu wa Cabramatta, akasubiri kwenye vituo vya treni, akahudhuria vilio vitatu na harusi moja. Ripoti ya pili haikuwa tamu. Ilikuwa na watu wasiolala, waume wenye aibu ya kukosa kazi, na wanawake wengi walioitikia "yes" kwa daktari bila kujua wamekubali nini. Emerance alibaki kliniki, na akaongezewa Ijumaa.

Kanuni hiyo sasa ni sehemu ya kozi. Baada ya mtaalamu wa nyota, tajiri wa magadi, yale majuzuu ya Kongo na maktaba iliyokatwa katikati, Venant huwaeleza wanafunzi ripoti yake iliyoondolewa kama sura ya mwisho ya historia hiyo, bila kuipamba. Kisha hugawa dodoso jipya na kujibu yeye kwanza, kwa sauti. Swali la kwanza sasa linasema: mkishapika, mnamngoja nani kabla ya kupakua? Kila mwaka, nyuma ya ukuta, nimemsikia akilijibu kwa maneno yaleyale na kwa sauti ileile ya kusoma taarifa ya hali ya hewa. Simngoji mtu, na hakuna anayeningoja. Swali la pili.

Kwa kuwa wasifu lazima uwe na utani, niongeze machache. Birika lake la chai limepigwa marufuku mara mbili na watu wa usalama wa majengo na bado linachemka. Jina lake la ukoo halijawahi kutamkwa salama na mkuu wa idara yeyote, na wote wameishia kumwita Doctor V. Na huyu mtu asiyechelewa kipindi huchelewa kila Jumapili bila kukosa. Akitoka misa hukimbilia Cabramatta kununua sombe, yaani kisamvu, na samaki, na reli za Jumapili mnazijua, leo treni, kesho mabasi ya badala yake kwa sababu ya trackwork, ukarabati wa reli. Hurudi Toongabbie jua limeshageuka na kuingia kwa Mama Nsimire, ambako amekuwa akila chakula cha Jumapili tangu mwaka ule wa utafiti.

Kutokana na Jumapili hizo alipata hata ugunduzi mdogo wa kisayansi. Katika mhadhara wa mwisho wa kila muhula hueleza kwamba familia za Wakongomani wa magharibi mwa Sydney hula chakula cha mchana siku ya Jumapili saa tisa alasiri, na hulihusisha jambo hilo na urefu wa ibada, zamu za ghalani na kumbukumbu ya kambini. Wanafunzi huandika.

Kozi haifi. Ataishika Dkt. Ikirezi, binti wa Emerance, ambaye aliingia darasani mwa Venant akiwa na miaka kumi na tisa, akaelewa kila neno la Kiswahili na kujibu yote kwa Kiingereza. Swali lake la kwanza siku ya kwanza lilikuwa, "Doctor V, with respect, who even cares about Belgium?" Leo ana uzamivu kuhusu Ubelgiji. Venant amemwachia birika.

Hata hivyo, sisi majirani zake tulikuwa na wasiwasi, na ni afadhali tuuseme. Mtu ambaye kwa miaka kumi na mitano ametangaza hadharani kwamba hakuna anayemngoja, sasa anakabidhi ufunguo wa mahali pekee ambapo angalau ratiba ilimngoja. Itakuwaje Jumatatu? Nilipata usumbufu wa moyo, na mimi si mtu wa kusumbuka moyo ovyo.

Basi wiki mbili zilizopita nilikwenda kwa Mama Nsimire kuomba neno la kuweka katika wasifu huu. Kanuni ni kanuni. Nilitoa habari zangu kwanza, na nikajikuta nikimsimulia habari za dada yangu wa Kisumu ambaye hatujasemezana tangu mazishi ya baba. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniambia kwamba ana deni la jibu kwa Mwalimu, kwa sababu lile dodoso lake la kwanza hakulijaza na lile la pili hakuna aliyemletea, kila mtu alidhani limeshafanyika. Akaniambia niandike kama anavyosema, nami nimeandika.

"Swali ya kwanza. Sisi tunapikaka saa sita. Saa saba kila kitu iko tayari. Tunamungoja Rodrigue, tunamungoja wajukuu, hao wanafikaka. Kisha tunamungoja Venant na hiyo trackwork yake. Ikirezi ameniambia eti ku darasa anafundisha Wakongomani wanakulaka saa tisa. Wakongomani gani? Ni yeye! Watoto wanalia njaa, wananiambia grandma please, niko nawaambia hapana, sufuria haifunguki, mutu wetu hajafika."

Nilimuuliza kwa nini hakuwahi kumwambia. Alinitazama kwa huruma, akasema mtu haambiwi kwamba anangojewa, ataanza kukimbia.

Kwa hiyo, Mwalimu Venant, kabla hujarudisha ufunguo, ofisi ya ratiba inakuomba marekebisho mawili katika kozi. Ugunduzi wa saa tisa ufutwe, maana ulichokuwa ukikipima ni wewe mwenyewe. Na jibu lako la swali la kwanza, lile ulilolisoma kila mwaka upande wa pili wa ukuta wangu, si la kweli, na halijawa la kweli kwa miaka mingi. Tunajua unavyolichukulia kosa la takwimu.

Tunakushukuru kwa yote: kwa wanafunzi wako, kwa kliniki ya Jumatano na Ijumaa, na kwa Wabelgiji, ambao sisi wengine hatukuwaomba lakini tumewazoea. Maisha yako mapya yawe mema na marefu. Jumapili hii treni zitakuwepo, nimeangalia ratiba mwenyewe. Samaki wanunue siku moja kabla, ufike saa saba.